Jioni Tulipohesabu Saa 168

Nilikwama kwenye Mambo ya Walawi, sura ya 11, pale wanyama wanapotengwa, walio safi huku na walio najisi kule. Ilikuwa siku ya mwisho ya Januari. Nilikuwa na miaka 16, na mwezi huo ulipoanza nilikuwa nimetangaza mbele ya vijana wenzangu kanisani kwamba mwaka ule nitaisoma Biblia yote. Kikaratasi changu cha alama kililala kwenye sura ile siku kumi. Siku ya kumi nikapiga hesabu nikakuta nadaiwa sura zaidi ya 30. Nikaifunga Biblia kama mtu anayefunga mlango mdai asimwone.

Jumamosi, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, nikamfuata dada aliyekuwa mlezi wetu wa vijana. Wenzangu walikuwa wanapanga viti.

"Dada, naona mimi simpendi Mungu vya kutosha."

"Hilo tutalitazama baadaye, mdogo wangu. Una karatasi?"

Akaanza na ile ahadi yangu. Vitabu 66, sura 1,189. Gawanya kwa 365, unapata sura tatu na robo kila siku, bila Jumapili ya kupumzika, bila wiki ya mitihani, bila siku ya homa. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo anayekwenda na mwendo huo anaingia Walawi siku ya 28 hivi. Hapo hamu ya mwaka mpya imeshapoa, masomo yamekolea, na mbele yake zipo sura 27 za sadaka, ukoma na unajisi ambazo hakuna aliyemweleza namna ya kuzisoma. "Kuna shimo hapo," alisema, "na wengi wamo humo." Nilitarajia kukemewa, si kufanyiwa hesabu ya kugawanya.

Kisha akachora mistari saba, siku saba za wiki, akaandika juu: 168. Hizo ndizo saa za wiki, za kila mtu. Tukaanza kutoa. Shule na safari zake, 45. Usingizi, 49, maana nilikuwa nalala saa saba tu kwa usiku. Kazi za shule nyumbani, 12. Kazi za nyumbani kwenyewe, 10. Kula, kuoga na kujiandaa, 14. Kanisani, 9: kwaya 3, ibada ya Jumapili 4, kikundi cha vijana katikati ya wiki 2. Jumla 139. Zilibaki 29 ambazo sikuweza kuzieleza. Akaniambia nifungue kwenye simu ukurasa unaoonyesha matumizi ya wiki. Saa 21. Saa tatu kila siku, tena vipande vya dakika tano tano, ndiyo maana sikuwahi kuziona zikipita.

Nikadhani somo limekwisha: acha simu, soma Biblia. Lakini yeye alirudi kwenye ile 9 ya kanisani, akaizungushia duara.

"Katika hizi, zipi ulikuwa wewe na Mungu tu?"

Nilibisha. Kuimba si kuomba? Akakubali kwamba kuimba ni ibada, tena hakutaka niache kwaya. Ila akaniuliza wiki ile tuliimba maneno gani katika ubeti wa pili, na mimi, mwimbaji wa sauti ya tatu, nikakumbuka noti zote na neno moja tu. Hadi leo naona hapo ndipo vijana walio hodari kanisani wanapoteleza kuliko hata wale wasiokuja. Ratiba imejaa mambo ya Mungu, kwa hiyo hakuna anayewauliza kama wanaonana naye.

Tukaja kwenye muda. Nilikuwa naweka kengele ya saa 11 alfajiri, kwa sababu ushuhuda wote niliousikia ulikuwa wa watu walioamka alfajiri. Nilikuwa naizima. Dada hakuiita dhambi. Mwili wa kijana huchelewa kusikia usingizi kuliko wa mtoto au wa mtu mzima, na unahitaji saa 8 hadi 10, basi anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 11 hatakuwa na ibada, atakuwa na usingizi wa kupiga magoti. Anayetaka alfajiri aanze kwa kulala mapema wiki nzima kabla ya kugusa kengele. Daniel aliomba mara tatu kwa siku, na hakuna anayesema zote zilikuwa alfajiri.

Mimi nilichagua muda wa kutoka shule. Alisisitiza nisiandike "saa 10 jioni", kwa kuwa saa huhama. Niandike jambo ambalo hutokea kila siku na nilifunge ibada hapo: nikishaweka begi chini, kabla sijashika simu. Mahali pawe kiti, si kitanda. Na niwaambie wa nyumbani, maana kijana anayejifungia kimya kimya huonekana anakwepa kazi.

Dakika 12. Niliona aibu, nikaomba niandike 30. Akakataa. Dakika moja ya kutulia bila kusema kitu. Dakika tano za kusoma kifungu kimoja mara mbili, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa kunong'ona, kwa sababu mdomo unaposoma jicho haliwezi kuruka mstari. Dakika mbili za kuandika sentensi moja, moja tu: nimeona nini hapa? Dakika nne za kuomba, nikianzia kwenye sentensi hiyo ili maombi yasiwe yale yale ya jana. Pembeni kikae kikaratasi cha ovyo. Akili ikikumbuka zoezi la hisabati au kitabu cha kurudisha, niandike neno moja hapo, nirudi. Nilikuwa nimezoea kupigana na mawazo hayo hadi muda unaisha. Yakishaandikwa hunyamaza.

Kitabu kiwe Marko, sura 16, mistari isiyofika 700, tena Biblia nyingi zimeshakigawa kwa vichwa vidogo: kichwa kimoja, siku moja. Zaburi nazo ni nzuri, ila anayesema "zaburi moja kwa siku" ajue kwamba ya 117 ina mistari miwili na ya 119 ina 176. Hiyo ndefu imejigawa yenyewe mafungu 22 ya mistari minane minane. Biblia iwe ya karatasi. Ya kwenye simu aliniachia njiani, kwa kusikiliza, ambako ujumbe ukiingia haunitoi kwenye ukurasa.

Siku sita kwa wiki, dakika 72. Akaziandika kando ya ile 21, hakusema neno.

Sheria ya mwisho aliiandika kwa herufi kubwa: HAKUNA DENI. Siku ikipotea imepotea, kesho nasoma kifungu kinachofuata kwa dakika 12 zile zile. Anayelipa deni kwa dakika 24, keshokutwa anadaiwa 36, na siku ya nne hukimbia.

Sheria hiyo niliihitaji Jumatano ya kwanza kabisa. Nilirudi nyumbani nimechelewa, nikashika simu "mara moja", nikaiweka chini wakati wa kulala. Alhamisi kidole kilitaka kurudisha kengele hadi dakika 24. Niliiacha 12, nikaacha mstari mtupu kwenye daftari mahali pa Jumatano.

Wiki ya pili nikafika Marko 1:35, Yesu anatoka alfajiri na mapema kwenda mahali pasipo watu, baada ya jioni ya kuhudumia mji mzima. Nilikuwa naijua sana. Ila kwa kuwa nilikuwa nasoma kwa kunong'ona sikuweza kuishia hapo, nikaendelea hadi Simoni na wenzake wanapomfuata na kumwambia kuwa watu wote wanamtafuta. Sijamaliza, mdogo wangu akagonga mlango. Anataka chaja.

Nikampa. Nikaangalia kengele: zimebaki dakika sita. Nikaandika sentensi yangu: "Hata yeye walimfuata."