Siku yangu moja: basi la Nottingham na wapagazi wa milimita 28

Watu wananiulizaga muda wa kupaka rangi visanamu naupata wapi na kazi hii ya basi na watoto wawili. Ngoja niwapitishe kwenye siku moja tu, ya Jumatano, shifti ya kukatwa katikati.

Saa 10 alfajiri naamka. Chai ikichemka nawasha taa ya mezani naangalia rangi ya jana imekauka vipi, sipaki kitu saa hizo, mkono bado mzito. Mezani wako wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia Afrika Mashariki, kila mmoja kama milimita 28 hivi kimo, nimewagandisha juu ya vifuniko vya chupa za dawa ili nishike kifuniko nisiguse rangi.

Saa 11 na nusu depo. Nakagua taa, milango, tairi, natoka. Abiria wa kwanza ni manesi na watu wa usafi kama kawaida. Napita Lenton, na hapo Lenton ndipo yalipo makao makuu ya Games Workshop wale wa Warhammer, mchezo wa vita wa visanamu, na Perry na Warlord, kampuni nyingine za visanamu, nao wako mji huuhuu, yaani kwa hobi hii Nottingham ndo penyewe.

Saa 4 asubuhi niko nyumbani mpaka saa 8 kasoro. Hapa ndo kila kitu kinagombania: kulala kidogo, nguo, kupika mchana kabisa ili jioni iwe kupasha tu. Lakini saa moja naitenga na simu naiacha chumba kingine. Kinachoniokoa ni paleti ya maji, kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, ndani sponji imelowa na juu karatasi ya kuokea, rangi ya akriliki ukiiweka humo inakaa siku kadhaa bila kukauka. Bila hiyo dakika kumi na tano za mwanzo zingeishia kuchanganya rangi. Sasa nafunua naanza palepale nilipoishia.

Leo ni ngozi. Na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu linanikera, makopo mengi yaliyoandikwa rangi ya ngozi ni ngozi ya Mzungu, na mafunzo mengi yanakwambia ukitaka kuonyesha mwanga ongeza nyeupe. Kwa ngozi yetu usitie nyeupe jamani, inapauka kama mtu amepakwa majivu. Mimi naanza na kahawia nzito karibu nyeusi, juu yake kahawia yenye wekundu, halafu kwenye paji la uso, pua, mashavu na mabega naongeza rangi ya chungwa kidogo sana, imezimuliwa na maji mpaka inapita kama chai. Viganja vinakuwa vyepesi zaidi. Ukimaliza hivyo mtu anaonekana ana damu, ana jasho, na watu hawa walikuwa na jasho kweli.

Saa 8 mchana narudi barabarani. Jioni napata mapumziko ya nusu saa kantini, sipaki ila naangalia picha za zamani kwenye simu, mzigo ulifungwaje, kichwani au begani. Dereva mwenzangu Mkenya akachungulia.

“Kaka, hao ni askari?”

“Hapana, ni wapagazi. Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza.”

Akanyamaza kidogo akasema, “Babu ya mamangu alichukuliwa hivyo, akaenda huko kwenu Tanganyika na hakurudi.”

Tukakaa tunaongea mpaka muda ukaisha. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na Ras Kasone waliposhukia wanajeshi wa Uingereza Novemba 1914, na vita yenyewe tunaijua sana kwa habari ya nyuki waliowavamia wanajeshi na ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wapagazi hawatajwi sana. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na ndo maana kwenye meza yangu kwa kila askari mmoja natengeneza wapagazi watatu. Hata Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Dar, aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake, wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini tu.

Saa 1 usiku nyumbani, napasha maharage, homuweki, kuoga, kelele. Saa 2 na nusu watoto wamelala isipokuwa huyu mkubwa anayejifanya anatafuta maji.

“Baba, kwa nini huyu hana bunduki?”

“Alibebeshwa chakula na risasi za wenzake, mzigo wa kilo ishirini na zaidi, siku nzima kwa miguu.”

“Walimlipa?”

“Kidogo sana, na wengi hawakulipwa kabisa.”

Akaomba apake gunia. Nikampa brashi kubwa na rangi ya ngamia, akapaka vizuri tu, akaenda kulala. Mimi nikapitisha woshi ya kahawia, yaani rangi nyepesi ya majimaji, kwenye mikunjo ya shuka na kamba za mizigo, hiyo haitaki muda wako, unaipaka unaiacha ikauke yenyewe usiku. Brashi nikaziosha kwa sabuni, nikazichonga ncha kwa vidole.

Saa 3 na nusu kitandani. Jumamosi niko ofu na wanasema hakutakuwa na mvua, kwa hiyo nitatoka nje kupuliza praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kundi linalofuata, mana kwenye unyevu inatoka chengachenga, halafu hawa niwawekee udongo mwekundu miguuni.