Mashine ya vyombo, sinia la pilau na maji ya kisima

Mashine yangu ya kuoshea vyombo niliinunua mtumba, kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya kontena kutoka Uingereza. Majirani hapa Tudor, Mombasa, walinicheka: maji yenyewe ya mgao, nawe wanunua mashine ya kuyanywa! Nikawajibu kwamba inatumia lita kumi na kitu tu kila inapoosha, na mimi nikisimama kwenye karo huzimaliza hizo kabla sijafika kwenye sufuria. Nisichowaambia ni kwamba miezi miwili ya mwanzo, vyombo vilivyotoka humo nilivirudia kwa mkono alfajiri, kabla mavyaa hajaamka.

Matatizo yalikuwa mawili, mimi nikayaona moja. Asubuhi nilikuwa nakuta kidonge cha sabuni bado kimelala kwenye kisanduku chake mlangoni, kimelowa upande mmoja, kifuniko kimefunguka nusu. Na bilauri zilitoka na ukungu mweupe. Nikajumlisha: sabuni inachelewa kutoka, haiyeyuki, inagandia kwenye bilauri. Fundi niliyemwita alikubaliana nami upesi mno. Akasema kisanduku kizima kibadilishwe, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya niliyonunulia mashine. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, fundi, nitakupigia." Sijampigia hadi leo.

Usiku ule nilifunga kifuniko bila kitu ndani, nikaiwasha mashine tupu, nikakaa jikoni na kikombe cha chai kuisikiliza. Ilijaza maji, ikasuuza, ikamwaga, ikajaza tena. Halafu nikasikia "tak!" Nikaisimamisha, nikafungua mlango polepole: kifuniko kiko wazi kabisa. Basi springi nzima, kilimi kinachokishika nacho kizima. Kama kisanduku ni kizima, kinagomea nini siku nyingine?

Jibu lilikuja Ijumaa, nilipokuwa nikipakia vyombo vya wageni. Sinia la pilau huwa nalisimamisha mbele kwenye rafu ya chini kwa sababu kwingine halienei. Nilipoufunga mlango nikahisi umegusa kitu. Lilikuwa ukingo wa sinia, umekaa sawasawa mbele ya kisanduku. Kifuniko kikifyatuka kinaligonga na kubaki hapo hapo, na maji hayaingii. Mwiko mrefu wa wali nao nimeukuta ukifanya ukorofi huo huo. Tangu hapo sinia naliosha kwa mkono, na kabla ya kuwasha naizungusha mikono ya kurushia maji kwa kidole nione kama kuna chombo kinachoizuia.

Lakini sinia halikuwa peke yake. Joto la pwani na unyevu wake mnaujua: sabuni ya unga niliyoiweka chini ya karo iligeuka jiwe. Vidonge navyo nilikuwa navitia kwa mikono yenye maji, ndani ya kisanduku ambacho hakijakauka, vikaanza kuyeyuka na kunata kabla mashine haijawaka. Sasa navihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na kisanduku nakifuta kwa kitambaa kikavu. Mpira wa kifuniko niliusugua kwa mswaki na maji moto. Ulitoka uji wa buluu uliogandamana, sijui wa tangu huko Uingereza.

Jirani mmoja alinishauri nikitupe kidonge chini ya mashine tu, niachane na kisanduku. Nilijaribu. Kwenye programu inayoanza na suuzo, sabuni yote inamwagwa na yale maji ya kwanza, na mafuta ya pilau yanabaki yakikutazama.

Sabuni ikawa inatoka vizuri. Ukungu ukabaki.

Nikachukua bilauri moja, nikaisugua upande mmoja kwa ndimu, wa pili nikauosha kwa maji matupu. Uliosuguliwa ndimu ukang'aa, ule mwingine ukabaki vile vile. Mabaki ya sabuni yangetoka kwa maji. Hii ilikuwa chokaa. Mlinzi wa jengo akanieleza lililobaki: maji ya mfereji yakikatika, hufungua kisima kijaze tangi la juu. Kisima chenyewe kimo ndani ya mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile ambalo wazee walilichoma kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale. Unategemea nini?

Mashine hizi nyingi zina sehemu ya kulainisha maji, yaani kuyaondolea chokaa, chini, yenye kifuniko cha kuzungusha, nayo hufanya kazi kwa chumvi. Yangu ilikuwa haina hata punje ya chumvi. Nilishawishika kutia chumvi ya mawe ya Gongoni, inayotolewa baharini hapa pwani, ya bei rahisi na ya kwetu, lakini chumvi ya bahari huja na madini mengine, na ya mezani inagandamana. Nikatafuta ile safi ya mashine, ya chenga kubwa. Kipimo cha ugumu wa maji kwenye mashine kilikuwa kimewekwa chini kabisa, nikakipandisha. Nikaongeza dawa ya kusuuzia, na mashine tupu nikaipitisha mara moja na unga wa ndimu kwa maji ya moto.

Ilisaidia sana, ila siku za kisima bilauri bado zilikauka na madoa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mashine inaondoa chokaa tu. Maji ya kisima chetu yana chumvi pia, na maji ya chumvi yanabaki maji ya chumvi. Kwa hiyo siku hizo siiwashi. Nina pipa la maji ya mfereji, na karo langu la zamani halijanikimbia.

Bilauri mbili hazikurudi. Ndimu, siki, chochote, zina ukungu ulioingia kwenye kioo chenyewe. Mavyaa amezichukua, anawekea miswaki ya wajukuu.