Ramani ya mchakato kwanza, SWOT baadaye

Biashara ikikwama, wengi hukimbilia SWOT: karatasi moja, miraba minne, nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Ni zana nzuri ya kuamua biashara ielekee wapi, lakini haikwambii kwa nini oda ya juzi haijamfikia mteja. Kwa hilo chora ramani ya mchakato, yaani mchoro unaoonyesha kazi inavyopita hatua kwa hatua.

Tuchukue duka la jumla. Kupokea oda dakika 5, kukagua stoo 15, meneja kusaini 2, kuandika ankara 8, kupakia 30. Jumla ni saa 1, ilhali mzigo unatoka baada ya saa 24. Saa 23 ni za kusubiri, na kwa saa 18 kati ya hizo, karatasi ya oda imelala mezani kwa meneja. Kwenye SWOT yote haya yangeandikwa "huduma ya polepole", na kikao kingeishia kununua gari la pili. Dawa yake ni kumruhusu mtunza stoo atoe oda za wateja wa kudumu bila saini, hadi kiwango kilichowekwa.

Bandika karatasi kubwa ukutani, igawe safu: mauzo, stoo, meneja, uhasibu, dereva. Hatua ni mstatili, uamuzi ni almasi. Almasi yenye mshale mmoja wa kutokea ina kasoro, "Mzigo upo?" lazima iwe na ndiyo na hapana, na mara nyingi njia ya hapana hakuna anayejua inaishia wapi. Chini ya kila hatua andika muda wa kazi na muda wa kusubiri. Kagua kwa makini mishale inayovuka safu, kwa kuwa kazi huchelewa zaidi pale inapokabidhiwa.

Meneja asichore peke yake. Atachora kazi inavyotakiwa kwenda, si inavyokwenda. Fuatilia oda moja halisi pamoja na mtunza stoo na dereva.

Takwimu zikipatikana, zipeleke kwenye Balanced Scorecard, zana ya kupima utendaji wa biashara iliyotolewa na Kaplan na Norton mwaka 1992. Ina nyanja nne: fedha, wateja, michakato ya ndani, kujifunza na kukua. Kwenye ya tatu andika: kutoka saa 24 hadi 6 ndani ya miezi mitatu, na jina la mwenye dhamana. Lengo lisilo na jina halina mtu wa kuulizwa.

Ramani isipoonyesha ucheleweshaji wowote na mauzo bado yanashuka, basi huenda tatizo liko nje ya duka. Hapo ndipo SWOT inahitajika, na muda mwingi uende kwenye fursa na vitisho.