Kabla hujaongeza springi kwenye Hilux ya korosho

Msimu wa korosho ukikaribia, mafundi springi wa Mtwara, Masasi na Newala hupokea ombi lilelile: "Niongezee moja nyuma." Ombi lina maana. Magunia kumi ya kilo 80 ni kilo 800, na utingo bado hajapanda. Shida ni namna kazi inavyofanyika.

Kipande cha springi kinaongezwa, yu-bolti za zamani (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zinarudishwa. Yu-bolti iliyokwishakazwa huwa imevutika, na sasa fungu la springi ni nene zaidi, kwa hiyo nati inashika nyuzi chache tu. Ikilegea, senta bolti, ile ndogo inayopita katikati ya fungu la springi, ndiyo inayobaki kuizuia ekseli, nayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Inakatika, ekseli inateleza upande mmoja, gari linakwenda kiubavu kama kaa. Nunua yu-bolti nne mpya, ndefu kidogo. Zikaze kwa kupishana kona, gari likiwa limekaa kwenye tairi zake, si juu ya jeki. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 za mzigo, kisha 500.

Halafu breki, ambazo wengi huzisahau. Hilux nyingi za zamani zina vali yenye fimbo iliyoungwa na ekseli ya nyuma: gari likididimia kwa mzigo, fimbo inasogea na breki za nyuma zinapata presha zaidi. Springi ngumu hazididimii, vali inadhani gari ni tupu. Mteremko wa kutoka uwanda wa Makonde ni mahali pabaya pa kuligundua hilo. Mwambie fundi asogeze kishikio cha fimbo kwa kadiri nyuma ilivyoinuka.

Mbele, kwa njia za Liwale ningechukua Hilux ya zamani ya LN106, yenye ekseli nzima na springi bapa, hata kama inarusha. Kagua nako zake, yaani viungo vya mwisho wa ekseli vinavyogeuza tairi: grisi ikitoka nyepesi kama uji, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inapita.

Zile za tosheni baa (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi), usizikaze ili gari lisimame juu. Shafti za mbele zinakaa pembe kali, buti za mpira zinapasuka, mchanga wa Tandahimba unaingia kwenye sivii jointi, kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda. Ukishasikia ka-ka-ka ukikata kona, jointi yenyewe imekwisha; kubadilisha buti peke yake ni kupoteza hela.