Vimelea, Watoto na Tishri: Nilivyoipanga Oktoba ya 2024

Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum, tunavyovifuga maabarani kwetu Baltimore, Marekani, humaliza mzunguko wao ndani ya seli nyekundu za damu kwa saa 48. Karibu kila siku vinataka chakula kipya, na kila baada ya muda damu mpya. Vinataka nyuzi 37 na hewa yenye oksijeni kidogo. Nyumba yetu nayo ni ya Kiyahudi inayoshika sheria. Jua likizama Ijumaa, au mkesha wa sikukuu, siendeshi gari, sishiki simu, siandiki, wala siwashi taa, mpaka nyota zionekane Sabato au sikukuu inapoisha.

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo kama ya Kiislamu, ila katika kila miaka 19 huongezwa miezi 7 ili sikukuu zisihame majira. Kwa hiyo sikukuu za mwezi wa Tishri huangukia Septemba na Oktoba tu, vyuo vya Marekani vikiwa vimeshafunguliwa na kazi imepamba moto. Ndani yake mna Rosh Hashanah, yaani mwaka mpya. Yom Kippur, mfungo wa takriban saa 25 usio na daku. Sukkot, sikukuu ya vibanda. Na Simchat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, inayofunga msimu.

Mwaka 2024 ulibana kweli. Rosh Hashanah iliangukia Alhamisi na Ijumaa, Oktoba 3 na 4, ikaungana na Sabato. Sukkot ikafanya vivyo hivyo tarehe 17 na 18, kisha Shemini Atzeret, sikukuu inayofuata mara baada ya Sukkot, na Simchat Torah tarehe 24 na 25. Kila mara siku tatu mfululizo, na Yom Kippur katikati, Jumamosi ya tarehe 12. Isitoshe, Oktoba 5 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka maombi mapya ya ruzuku kubwa za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, ikasogezwa hadi Jumatatu tarehe 7. Ombi la maabara yetu lilihitaji mchoro mmoja wa matokeo, na mchoro huo ulikuwa mikononi mwangu.

Nilianza kupanga mwezi wa Juni. Nilizungushia tarehe zote kwenye kalenda ya ukutani pale maabarani, nikamwambia kiongozi wetu kwamba mchoro wangu nitaukabidhi wiki mbili kabla ya Rosh Hashanah, na kwamba katika Tishri sitaanzisha jaribio lolote jipya. Hilo la pili ndilo lililoniokoa. Nimewaona wengi wanaojaribu kubana kazi ya mwezi mzima kwenye siku chache zilizobaki kati ya sikukuu, kisha wanafika kwenye mfungo wamechoka hata kabla ya kufunga. Mimi naamini mwezi huu ni wa kuchambua data, kusoma na kuandika katika siku za kawaida, na vimelea vilale.

Kuvilaza kuna utaratibu wake. Vimelea vinavyostahimili kugandishwa ni vile vichanga, vyenye umbo la pete, vikishakomaa hufa. Jumatatu asubuhi, Septemba 30, niliviosha kwa sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, ya asilimia 5, inayopasua seli zenye vimelea vilivyokomaa na kuacha pete peke yake. Saa 48 baadaye, Jumatano asubuhi, zilikuwa pete tena, kizazi kipya. Nilitazama slaidi kwa hadubini, nikachanganya damu na gliseroli inayokinga seli zisiharibike kwa baridi, nikagandisha, na vichupa vikaishia kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Saa nane mchana nilikuwa njiani kurudi nyumbani.

Aina moja tu tuliiacha ikiendelea kukua, na hapo alikuwepo kaka mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi. Yeye ni Mwislamu. Tulipatana zamani: Tishri yangu ananishikia, Idi yake namshikia. Nilimuuliza rabi kwanza, akanieleza kuwa mipango yote ikamilike kabla ya sikukuu na mwenzangu apange saa zake mwenyewe. Nilipokuwa nikivua koti la maabara yule kaka akaniambia, "Dada, nenda kaswali. Pete zako ziko salama."

Nyumbani, siku tatu maana yake ni chakula cha siku tatu. Sikukuu inaruhusu kupika kwa moto uliokwisha kuwaka, lakini kupika Ijumaa kwa ajili ya Sabato kunahitaji kutenga mkate na kitu kilichopikwa kabla sikukuu haijaingia, pamoja na maneno yake maalumu. Mume wangu ndiye aliyeshika hilo, na mikate ya mviringo, na tufaha na asali. Mimi nilipika pilau na maharagwe ya nazi wiki nzima kabla, nikahifadhi kwenye friza. Watoto hawaendi shule siku hizo, na nilitaka wanikute nina nafasi nao. Tulitembea kwenda sinagogi, tukasikia pembe ikipulizwa, tukalala mchana. Mama yangu, aliye Nakuru, nilimpigia Jumatano asubuhi, maana mishumaa tuliwasha saa kumi na mbili na nusu jioni na kwao ilikuwa tayari usiku wa manane.

Kwenye Sukkot watoto waliezeka kibanda uani kwa matawi. Siku za katikati ya sikukuu sheria inaruhusu kazi ambayo ikiachwa italeta hasara, basi nilienda maabara asubuhi kubadilisha chakula cha vimelea vilivyobaki, nikarudi kula kibandani. Data nilizichambua baadaye.

Jumapili, Oktoba 27, niliyeyusha vichupa kwa maji ya chumvi yanayopunguzwa nguvu hatua kwa hatua. Siku za mwanzo pete zilikuwa chache mno, moja hapa na nyingine kule kwenye slaidi nzima. Nilizisubiri. Katikati ya Novemba zilikuwa zimejaa vya kutosha, na majaribio yakaanza upya.

Ramadhani iliyofuata niliandika jina langu kwenye zamu za jioni, yule kaka apate kufuturu kwake. Idi ya Fitri ilikuwa Jumapili, Machi 30, 2025, na chupa zote za siku hiyo nilizilisha mimi.