Jinsi nilivyoipata besi kwenye santuri za zamani za R&B

Mimi ni besi wa kwaya, nimeimba besi Morogoro na naimba besi huku Maryland nilikohamia, na besi wenzangu mnaelewa shida yetu, watu wanasikia soprano na tenor (sauti ya juu ya wanaume), wakitoka kanisani wanasifia hao hao, sisi tunasikika siku tukikosea tu. Sasa nilipokuja kuyasikia makundi ya R&B ya Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, yale ya vijana wanne watano na gitaa moja nyuma, ambayo wengi wanayaita duwopu, kilichonishika sio mapenzi wanayoimba, ni kwamba kule besi ana kazi ya maana.

Mtu wa kwanza ni Jimmy Ricks wa The Ravens. Jamaa alikuwa mhudumu wa mezani Harlem, yeye na mwenzake Warren Suttles, wakaanzisha kundi 1946, na mwaka 1947 wakatoa Ol' Man River ambayo besi ndiye anaongoza wimbo mzima, tena wengine wote ndio wanamsindikiza. 1948 wakafanya White Christmas kwa mtindo wao, na miaka sita baadaye The Drifters wakaja na ya kwao na ukisikiliza zote mbili unajua kabisa nani kamsikiliza nani. Baada ya hapo makundi mengi yakawa yanatafuta besi wa kuanzisha wimbo.

Tatizo ni kumsikia. Yaani unafungua mtandao unapiga wimbo wa 1950, unasikia sauti ya juu safi, gitaa lipo, besi anasikika kama yuko nje ya jengo. Mwanzoni nikasema labda walirekodi vibaya, maiki moja watu watano na besi kawekwa nyuma. Lakini mzee mmoja mtu wa Baltimore nafanya naye kazi ana santuri original za ujanani kwao, akanipigia moja nyumbani kwake, aisee besi ilikuwa inatikisa glasi. Kwa hiyo besi ipo kwenye santuri, inapotelea njiani wakati wa kutoa upya. Ndio nikaanza kufuatilia hizi rekodi za kutolewa upya zinatengenezwaje.

Iko hivi. Makampuni mengi yaliyorekodi haya makundi yalikuwa madogo, yakafilisika au yakauzwa, master, yaani tepu za kwanza za kurekodia, zikahama mikono, nyingine zikapotea kabisa. Anayetoa upya leo kama hana tepu anachukua santuri yenyewe, mara nyingi ile ya 78, yaani inayozunguka mara 78 kwa dakika, anaipiga na kuinakili. Santuri ya 78 ina kelele mbili, ile ya juu ya mikwaruzo na ile ya chini ya kunguruma kwa mashine. Fundi mvivu anakata juu na anakata chini, basi kelele zinaisha. Sasa noti za chini za besi ziko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 80, 90, 100 hivi, mtu akikata kila kitu chini ya hezi 100 ili asisikie mngurumo kaondoka na Jimmy Ricks pia, kilichobaki ni kivuli chake. Halafu ukisikiliza kwa spika ya simu ndio usahau kabisa, simu haifiki huko chini hata rekodi iwe nzuri namna gani. Kwangu nilianza na sabufa na hedifoni za maana kabla sijanunua CD hata moja, na nashauri hivyo hivyo.

Kuna uhuni mwingine wa miaka ya 1960 ambao bado unazunguka. Stereo ilipoingia sokoni, makampuni yakachukua nyimbo za mono, yaani zenye sauti ile ile pande zote mbili, yakazigeuza stereo ya kulazimisha, sauti za chini upande mmoja, za juu upande wa pili, na kuchelewesha kidogo upande mmoja, mara nyingine wanaongeza na mwangwi juu yake. Unavaa hedifoni unakuta kundi limegombana, besi kahamia chumba cha kushoto na tenor chumba cha kulia hawasemezani. Ukiona kwenye kava wameandika kwamba mono imegeuzwa stereo, rudisha kwenye shelfu. Hizi nyimbo ni mono na ziachwe mono.

Na la tatu ni nyimbo za kurudiwa. Earth Angel ya The Penguins, ile ya 1954 ya lebo ya Dootone, ilirekodiwa kwenye gereji ya mtu Los Angeles, ilikuwa demo tu, yaani rekodi ya majaribio, ikatoka hivyo hivyo ikawa hit kubwa. Baadaye wakahamia lebo ya Mercury wakairudia. Kwenye makusanyo ya bei rahisi unaweza kuuziwa yoyote kati ya hizo na jina ni lile lile, kundi ni lile lile. Dawa yake ni kuangalia kijitabu cha ndani, kama kinataja lebo ya kwanza, namba ya santuri na tarehe ya kurekodi, huyo mtu anajua anachouza. Kama hakuna kijitabu, hela yako tia mfukoni.

Mnaweza kujiuliza mbona CD za bei ya kutupwa ni nyingi hivyo. Sababu ni sheria. Ulaya rekodi zilikuwa zinalindwa miaka 50, walipoongeza ikawa 70 mwaka 2013 zile zilizokwisha kutoka kwenye ulinzi hazikurudishwa, kwa hiyo kila rekodi iliyotoka mpaka 1962 kule ni mali ya umma, mtu yeyote anachapa. Marekani ni kinyume, sheria ya 2018 inalinda rekodi za 1947 mpaka 1956 kwa miaka 110, yaani wimbo wa 1948 unasubiri mpaka 2059. Matokeo yake muziki wa vijana wa Baltimore na Chicago unatunzwa vizuri zaidi na Wajerumani na Waingereza. Wajerumani wa kampuni ya Bear Family wana mfululizo unaoitwa Street Corner Symphonies, juzuu 15 kutoka 1939 mpaka 1963, na maelezo ya mwandishi Bill Dahl kwa kila wimbo, huo ndio nilioanza nao na kwa kweli ndio ulionifundisha. Waingereza wa Ace nao wako makini. Wamarekani wenyewe Rhino walitoa boksi la CD nne mwaka 1993 lenye nyimbo 101, hilo ukilikuta kwenye duka la mitumba chukua bila kufikiria.

Boksi la kundi la The Orioles la Bear Family lina CD sita na hapo nitasema ukweli wangu ingawa naishi karibu na Baltimore kwao, CD sita za nyimbo za pole pole ni nyingi. Sonny Til, mwimbaji wao mkuu, anaimba vizuri mno, It's Too Soon to Know ya 1948 haina mpinzani, iliandikwa na Deborah Chessler ambaye ndiye alikuwa meneja wao, mwanamke kijana akiongoza kundi la wanaume enzi zile. Lakini Johnny Reed besi wao anasikika zaidi kwenye lile besi la nyuzi alilokuwa analipiga kuliko kwenye koo. Kwa besi kura yangu nawapa The Swallows, majirani zao wa Baltimore hao hao, na The Spaniels wa Gary, Indiana.

The Spaniels ndio walikuwa lengo langu. Goodnite, Sweetheart, Goodnite ya 1954, lebo ya Vee-Jay, inaanza na Gerald Gregory peke yake, besi tupu, halafu Pookie Hudson, mwimbaji wao mkuu, anaingia. Nilitaka wanaume wa kwaya yetu tuimbe kwenye harusi wakati wa kuaga wageni. Nilichofanya, nilitafuta toleo la mono, nikaliweka kwenye Audacity ambayo ni programu ya bure ya kuhariri sauti, nikakata sauti za juu ili besi ibaki karibu peke yake, nikapunguza mwendo bila kubadilisha sauti, nikaandika nota do re mi mstari kwa mstari. Kabla ya hapo nilipima na kibodi, maana toleo lililonakiliwa kwa spidi isiyo sahihi linakupeleka katikati ya vitufe viwili, hulipati huku wala kule. Inaweza kuwa piano ya studio yenyewe ilikuwa imelegea, lakini ukikuta matoleo mawili ya wimbo mmoja hayakubaliani hata kidogo, mojawapo linakimbia au linachechemea.

Mwalimu wa kwaya alipoona nota zangu akaniuliza, "Baba Neema, hii besi umeisikia au umeitunga?" Nikamwambia, "Mwalimu, vaa hizi hedifoni." Akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akasema tenor ya pili ndio nimeiandika kwa kubahatisha, na hapo yuko sahihi, sauti za kati kwenye mono zinashikana na gitaa na sijapata njia ya kuzitenganisha. Hiyo kaitunga yeye mwenyewe. Tumeshaimba kwenye harusi kadhaa sasa na watu wanadhani ni wimbo wa kwetu wa zamani. Ninachotafuta kwa sasa ni The Swallows, toleo ambalo halijakatwa chini, kwa hiyo mwenye nalo lenye kijitabu anijulishe, bei tutaongea.