Nimonia inayokuja baada ya virusi

Jamaa wa wagonjwa mahututi wana swali moja ambalo sisi wa maabara hulisikia mara kwa mara tunapopeleka majibu wodini: "Sista, jana mlituambia kipimo kimeonyesha kaka yetu hana virusi tena. Mbona leo amezidiwa?" Sista hujibu kwa upole, "Mzee, virusi vimepungua, lakini sasa mapafu yameingiliwa na bakteria," kisha hukimbilia kitandani kwa sababu king'ora cha mashine kimelia. Jibu lake ni sahihi, ila ni fupi mno kwa jambo lenye uzito kama huo. Ninafanya kazi katika kitengo cha bakteria cha maabara ya hospitali moja hapa Kampala, na kwa kuwa makohozi ya wagonjwa hao ndiyo kazi yangu ya kila siku, naomba kulieleza kwa kirefu.

Kwanza tutenganishe nimonia mbili, maana kuzichanganya ndiko kunakotufanya tutumie dawa ovyo. Moja mgonjwa huja nayo kutoka nyumbani: mtu anashikwa na homa kali ya mafua au korona, kisha bakteria waliokuwa wakiishi puani na kooni mwake bila kumdhuru wanateremka mapafuni. Hao kwa kawaida ni Streptococcus pneumoniae (pia huitwa pneumococcus), Staphylococcus aureus au Haemophilus influenzae, na wengi wao bado wanasikia dawa za kawaida. Nyingine humpata akiwa hospitalini, saa 48 au zaidi baada ya kuwekewa mpira wa kupumulia kooni na kuunganishwa na mashine. Hapo bakteria ni wengine kabisa: Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter, yaani wenyeji wa wodi, waliokwisha kuzoea dawa zetu.

Ile ya kwanza ina historia ndefu. Homa ya mafua ya mwaka 1918 hukumbukwa kama ugonjwa wa virusi, na kwa hakika ndivyo ulivyokuwa, lakini watafiti wa Marekani walipopima upya tishu za mapafu kutoka kwa maiti 58 za wakati ule na kupitia ripoti za uchunguzi wa maelfu ya maiti nyingine, walieleza mwaka 2008 kwamba wengi wa waliokufa huenda walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata. Penisilini haikuwapo bado, kwa hiyo mtu angeweza kusema ni mambo ya zamani. Hata hivyo, katika mlipuko wa mafua ya H1N1 wa mwaka 2009, wakati dawa zilikuwa tele, Wamarekani walichunguza mapafu ya watu 77 waliofariki na kukuta bakteria katika 22 kati yao.

Kwa nini virusi vifungue mlango namna hiyo? Njia ya hewa ya mtu mzima wa afya imefunikwa na seli zenye vinyweleo vinavyopiga bila kukoma, vikisukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu kuelekea kooni, ambako tunavimeza au kuvikohoa. Virusi vya mafua huua seli hizo, utando ukabaki mtupu kama ukuta uliobanduka plasta, na bakteria hupata mahali pa kushika. Kimeng'enya cha virusi hivyo hivyo hukata sukari iitwayo asidi ya sialiki juu ya seli zilizobaki, na hilo huwarahisishia bakteria kujishikiza. Upande wa ulinzi nako mambo huharibika: interferoni ambazo mwili huzitoa kupambana na virusi huzizubaisha zile seli za mapafuni zinazomeza bakteria, kiasi kwamba mwili unaposhughulika na adui mmoja unakuwa umemwachia nafasi mwingine. Ndiyo maana mgonjwa wa mafua anaweza kupata nafuu kwa siku mbili tatu, familia ikashusha pumzi, kisha homa ikarudi kwa nguvu pamoja na makohozi ya kijani au yenye rangi ya kutu. Kurudi huko kwa homa ni dalili ya kumkimbiza mtu hospitali, wala si ya kusubiri hadi kesho.

Korona ilikuja na sura tofauti, na hapa ndipo wengi wetu tulipopotea. Utafiti uliofanywa katika wodi 36 za wagonjwa mahututi barani Ulaya, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba ndani ya saa 48 za kwanza tangu kuwekewa mpira, maambukizi ya bakteria yalionekana kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa wa mafua, lakini kwa asilimia 9.7 tu ya wagonjwa wa korona. Siku zilipopita mambo yaligeuka. Maambukizi ya njia ya hewa yanayotokana na kuwa kwenye mashine yaliwapata asilimia 50.5 ya wagonjwa wa korona, asilimia 30.3 ya wale wa mafua, na asilimia 25.3 ya wasiokuwa na virusi vyovyote. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa korona aliingia na bakteria wachache, akawapata wodini.

Sasa linganisha hayo na dawa tulizokuwa tukizitoa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba ni asilimia 8 tu ya waliolazwa kwa korona waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki, ilhali takriban asilimia 75 walipewa. Sisi Uganda hatukuwa tofauti; nani hakumeza antibiotiki iitwayo azithromaisini mwezi wa Juni 2021, nchi ilipofungwa kwa siku 42 na watu wakawa wanatafuta mitungi ya oksijeni usiku kucha? Majaribio makubwa ya Uingereza yalikwisha kuonyesha kwamba azithromaisini haikupunguza vifo vya waliolazwa. Simlaumu mzazi aliyeinunua dukani akiwa na hofu. Ila antibiotiki ya siku ya kwanza haimkingi mgonjwa na nimonia ya siku ya saba. Kinachofanyika ni kwamba inawaua bakteria wanaosikia dawa, inawaacha walio sugu, na hao ndio wanaorithi koo, utumbo na mpira wa kupumulia.

Mpira wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Karibu na ncha yake una puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba pembezoni mwa koromeo, na watu hudhani limeziba kabisa. Halizibi kabisa. Mate na kamasi kutoka kinywani hukusanyika juu ya puto, mgonjwa amelazwa kwa dawa za usingizi na hawezi kukohoa, na matone kidogo kidogo hupenya kwenye mikunjo ya puto hadi mapafuni. Ndani ya mpira nako bakteria hujitandika kama utelezi ambao dawa haiupenyi vizuri, na kila mara bomba la kunyonya makohozi linapopita, vipande vya utelezi huo huweza kusukumwa chini. Mgonjwa wa korona hukaa kwenye mashine kwa muda mrefu kuliko wengine wengi, mara nyingi akiwa amelazwa kifudifudi, na juu ya hayo amepewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu. Dawa hiyo, miligramu 6 kwa siku, ilishusha vifo vya waliokuwa kwenye mashine kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, kwa hiyo sitaki mtu anielewe kwamba naipinga. Lakini hutuliza homa na kupandisha chembe nyeupe za damu, zile zile dalili mbili ambazo daktari huzitegemea kugundua nimonia mpya.

Ndipo mzigo unapoangukia maabara. Chupa ya makohozi ikifika mezani kwangu, kwanza napaka tone kwenye kioo, naweka rangi ya Gram inayotenganisha aina za bakteria, naangalia kwa darubini. Nikiona seli bapa za kinywani zimejaa, najua hayo ni mate, na sampuli hiyo siioteshi; naomba nyingine. Nikiona seli za usaha zimebeba vijiti vyekundu tumboni mwao, nampigia simu daktari kabla ya yote, kwa sababu taarifa hiyo anaweza kuitumia siku ile ile. Kisha makohozi yanaenda kwenye sahani zenye agari, yaani chakula cha kuoteshea bakteria. Kesho yake Klebsiella anakuwa ametanda kwenye agari ya MacConkey kwa vikundi vya waridi, vyenye ute unaovutika ukivigusa, na Acinetobacter anatoa vidoti vilivyopauka. Siku inayofuata nasoma vidonge vya karatasi vyenye dawa: dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni yake, isiyofanya kazi bakteria huota hadi ukingoni. Nimeona sahani ambazo hata kidonge cha meropenemu, moja ya antibiotiki zenye nguvu tunazoziweka akiba, hakina duara lolote.

Lakini kuota si lazima kuwe ugonjwa. Baada ya siku chache karibu kila mpira wa kupumulia una bakteria, na ukiwatibu wote utaanza vita na wakazi wasio na kosa. Ndiyo sababu tunahesabu: kwa makohozi yaliyonyonywa kwenye mpira, kiasi cha bakteria 100,000 kwa mililita kinatia shaka ya kweli, mradi picha ya kifua, hali ya oksijeni na usaha vinakubaliana. Malalamiko yangu ni kwamba sampuli nyingi hunifikia baada ya dozi tatu au nne za antibiotiki ya seftriaksoni. Hapo pneumococcus, kama alikuwapo, ameshakufa kwenye makohozi, na anayeota ni yule aliyestahimili dawa, ambaye pengine hata siye aliyemlaza mgonjwa. Kuchukua makohozi kabla ya dozi ya kwanza huchukua dakika chache, na mgonjwa aliye katika hali mbaya anaweza kupewa dawa mara tu baada ya hapo bila kungoja jibu.

Watafiti wa Chicago waliofuatilia wagonjwa 585 wenye nimonia kali, wakachapisha mwaka 2023, walikuta kwamba kilichowatenganisha waliokufa na waliopona kwa sehemu kubwa kilikuwa iwapo nimonia ya mashine iliisha au haikuisha. Utafiti huo ulifanyika mahali ambapo majimaji ya mapafuni huchukuliwa kwa kamera na kupimwa mara kwa mara. Hapa kwetu, hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta wodi 12 za wagonjwa mahututi zinazofanya kazi na vitanda 55 kwa nchi nzima, karibu vitanda 1.3 kwa kila watu milioni moja. Wakati wa korona tulihesabu mashine za kupumulia na kushangilia kila shehena iliyotua Entebbe. Mimi ningeanza na wauguzi. Mashine mpya inayohudumiwa na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wanne, akiwa ndani ya vazi la kujikinga ambalo hawezi kulibadilisha kati ya kitanda na kitanda, ni njia ya kumsafirisha Acinetobacter, ambaye huweza kuishi kwa wiki kadhaa juu ya sehemu kavu kama reli ya kitanda au kitufe cha mashine.

Mengi ya kinga hayana gharama kubwa. Mwaka 1999 madaktari wa Barcelona waliwagawa wagonjwa 86 waliokuwa kwenye mashine katika makundi mawili, wengine wakalazwa chali, wengine wakainuliwa sehemu ya juu ya kitanda kwa nyuzi 45. Nimonia ilishukiwa kwa asilimia 34 ya waliolala chali na asilimia 8 ya walioinuliwa. Kitanda hakihitaji dola. Kupiga meno ya mgonjwa mswaki, kupima shinikizo la puto, kupunguza dawa za usingizi kila siku ili kuona kama anaweza kupumua mwenyewe, kunawa mikono kabla ya kugusa mpira: yote hayo yanahitaji watu wa kutosha wenye muda. Na nimonia ya mashine ikishatambuliwa na mgonjwa akaitikia matibabu, siku 7 za antibiotiki hutosha kwa walio wengi. Jamaa wakiambiwa dawa imesimamishwa siku ya saba wasidhani mgonjwa wao ametelekezwa. Waulize makohozi yalichukuliwa lini, yaliotesha nini, na dawa gani ilionekana kufanya kazi. Majibu ya maswali hayo yapo kwenye faili, na wana haki ya kuelezwa.